Mfalme Arudi Pembeni

Kompyuta ilitaka mfalme mweupe arudi pembeni.

"Imekosea," alisema Nodar. Fumbo hilo la sataranji alilitunga mwenyewe, likampa tuzo mjini Tbilisi, na kwa miaka thelathini lilikuwa na jibu moja tu: mfalme asonge mbele. Ndiyo maana binti yake alilichagua kuipima programu aliyoiunda.

"Baba, mafumbo mengine kumi na tisa imeyapata yote."

"Basi hili limeishinda. Kafute hicho kidude chako."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika ubaoni. Alimshika mfalme wa mbao, aliyelainishwa na vidole vya miaka mingi, akamrudisha pembeni. Akamjibu kwa farasi mweusi. Kisha kwa askari. Kila alipoziba njia, mfalme alipata nyingine, na weupe wakashinda.

Majibu mawili. Fumbo la namna hiyo hufutiwa tuzo.

Binti alinyoosha mkono kuizima kompyuta. "Tuseme imekosea, baba. Nani atajua?"

"Hebu iache, mwanangu!" Nodar alivuta kiti hadi kwenye skrini, macho yakimng'aa. "Iulize: nikilitunga upya, farasi mweusi aanzie hapa, bado mfalme atapita pembeni?"