Ngazi Mpya ya Baba

Ukucha wangu ulizama kwenye kipago cha ngazi kama kwenye sabuni. Upande wa chini kilikuwa kimeanza kupasuka.

Baba yangu, seremala, alikuwa juu ya paa akigongomea bati.

"Baba, mti wa ngazi hii umeutoa wapi?"

"Jalalani kwenu, nyuma ya maabara. Mti umenyooka hivyo mnautupa? Wasomi bwana!"

Mti ule niliubadili vinasaba mimi mwenyewe. Ulifurika homoni ya kukua, ukarefuka mbio mbio, lakini mbao zake hazikuwahi kukomaa.

"Usishuke, baba! Haina nguvu!"

"Mbona imenipandisha?" Alicheka. "Kwani hapa fundi ni nani?"

Mguu wake ukashuka taratibu, ukipapasa kipago cha juu.

Kabla haujakikanyaga, nikaivuta ngazi, abaki huko huko juu ya paa.