Ubeti wa Tatu

Kwaya ilipomaliza ubeti wa pili, Klara alikunja ngumi hewani, na sauti zote zikakatika kama alivyowafundisha.

Kanisa la Mtae lilikuwa limejaa. Katibu wa TANU, mgeni wa ibada, alikuwa benchi la mbele, kofia magotini.

"Wimbo mzuri," akasema. "Umeishia hapo?"

"Umeishia hapo, Ndugu Katibu."

Hakuuliza mtunzi, na Klara akashusha pumzi. Mtunzi alikuwa mumewe, aliyefungwa kwa kukataa kuhamia kijiji cha ujamaa. Mfungwa aliyeachiwa ndiye aliyeutoa gerezani, umeandikwa kwenye karatasi ya sabuni. Beti mbili zilimsifu Mungu. Wa tatu ulisimulia nyumba zilizochomwa moto, ukamtaja Katibu kwa jina.

Huo Klara hakuwafundisha wanakwaya; walijua kiitikio chake tu, kilekile cha beti mbili za kwanza. Alimsomea mama mkwe wake tu, mara moja, jikoni, maana mama huyo hakujua kusoma. Kisha akaitia karatasi motoni.

Upande wa wanawake mtu akakohoa. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Akaanza ubeti wa tatu, polepole, bila kukosea neno.

Katibu aligeuka kumtazama. Kisha akamgeukia Klara.

Ngumi ya Klara ilikuwa bado hewani, jasho likimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Wanakwaya waliitazama ngumi hiyo, wakingoja.

Jina lilikuwa kwenye mstari wa mwisho.

Klara akaufungua mkono, na sauti za wanaume zikaitikia kwa kiitikio.