Jua la Mwezi wa Sita

"Adhana imekukuta wapi?"

"Kituoni Kwa Mathias, nasubiri gari. Unataka kusikia nini kingine?"

"Mwezi wa pili ilikuwa inakukuta hapa Misugusugu, unakuna nazi. Siku hizi unaletwa na giza. Usinizingue, kuna mtu anakuchelewesha."

Mkewe akacheka bila raha. "Adhana inafuata jua, Maulidi. Mimi nafuata saa ya kazi. Mwezi wa sita jua linawahi kuzama, hata kuku wanajua."

Maulidi alikuwa na donge la siku nyingi. Kila magharibi alikaa kibarazani akimbunia mkewe bwana kichwani, mara kondakta, mara mteja wa kupunguza suruali.

"Fungua ile picha uliyonipiga nilipokuletea shati."

Akaifungua kwenye simu. Mkewe yuko mlangoni, ndiyo kwanza karudi kutoka kwenye cherehani, kiganja usoni anakinga jua, uzi mwekundu umemnasa begani. Juu imeandikwa mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu. Na leo alipobisha hodi, Maulidi aliangalia saa kwa hasira. Ilikuwa hiyo hiyo.



"Umeona? Nipishe nikapike, kesho nawahi."

"Kesho hakuna kuwahi," Maulidi akasema, macho kwenye ule uzi. "Mchana nimempigia bosi wako. Nimemwambia umeacha, atafute fundi mwingine. Jioni kanijibu keshampata."

Mkewe akaokota mkoba, akageuka, akashika njia ya barabarani.