Mashine ya Karanga Mezani pa Jaji

Mashine ilikwama mbele ya jaji. Karanga ziligoma kushuka, na jasho likamtiririka wakili mgongoni, maana ni yeye mwenyewe aliyeomba ijaribiwe mahakamani.

Mteja wake, Bosi, alibaki kitini akikuna kidevu. Aliyeinuka ni binamu yake Bosi, aliyeshtakiwa kwa kuiga mashine hiyo ya kumenya karanga. Alilegeza skrubu moja, akaigonga mashine ubavuni, akazungusha mpini wake. Karanga zikamwagika, safi.

"Ukiikaza sana inapaliwa," alisema. "Kama mtu tu."

"Lazima aijue, Mheshimiwa," wakili akadakia. "Si ndiyo anayoiiga kila siku!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji naye alitabasamu.

Hukumu ilipotoka, Bosi alishinda. Karakana ya binamu ikafungwa, vyuma vyake vikapakiwa kwenye lori, na mkewe akasimama kando ya barabara akiwauliza wapakiaji sasa watoto watakula nini.

Wakili aliyaona hayo, na dhamiri ikamsuta. Chuoni alisoma historia kabla ya sheria. Fizikia aliipa kisogo tangu shuleni. Lakini kesi za hataza, hizi za kulinda haki za wavumbuzi, zilikuwa na heshima, naye alizitamani. Akajitosa. Michoro ya Bosi aliikariri kama shairi. Kuuliza aliogopa, asije akaumbuka. Mtu alikuwa amekatiwa riziki kwa maneno ambayo msemaji mwenyewe hakuyaelewa.

Bosi alipokuja ofisini kushukuru, wakili alifunga mlango.

"Bosi, nina jambo linanitafuna. Mimi sikusoma sayansi. Mashine yako siielewi hata kidogo. Mahakamani nilikuwa nabahatisha tu. Ulistahili wakili anayejua. Nisamehe."

Alingoja afokewe. Bosi akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Ndicho kinachokutoa jasho hicho? Nilijua zamani, Wakili. Nilikuulizia kabla sijaja."

"Ukanichukua hivyo hivyo?"

"Nilianza kwa wenzako waliosoma uhandisi. Kila niliyemwendea, neno la kwanza: fungua kifuniko, nieleze inavyofanya kazi." Bosi akachukua kofia yake. "Sasa mimi ningewaeleza nini?"