Ndugu Yako Ameenda Kilwa

Mama Florentine alisogeza bakuli. Mpundu akageuza uso. Siku ya nne sasa, bukari, ugali wake, inaingia ndani na kutoka vile vile.

"Kula kidogo, mutoto wangu. Ndugu yako ameenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa, ataleta samaki."

Mpundu akaenda kwenye mkeka, akafunua blanketi, akachungulia chini yake. Akarudi kukaa mlangoni, macho kwenye njia ya ziwani.

Wawili hawa Mama Florentine aliwavusha kutoka Kongo miaka miwili nyuma, mmoja mgongoni, mmoja kifuani: mtoto wa marehemu binti yake, na sokomutu, sokwe mchanga ambaye mama yake aliuawa na wawindaji. Chupa ya maziwa ilikuwa moja, wakapokezana. Watu wa Nchelenge walicheka weee, mwishowe wakawapa majina ya mapasa, yaani pacha, Mpundu na Chisala. Aliyempa mmoja ndizi alitafuta na ya pili. Waliolelewa mgongo mmoja hawabaguliwi.

Kisha homa ikamchukua Chisala. Na pasa mmoja akifa, nyumbani hakuna kulia. Yule aliyebaki akisikia kilio, naye anafuata.

Jirani yake Priscille, akigeuza chisense mchangani, samaki wadogo kama sindano, alishindwa kunyamaza.

"Mama Florentine, roho itapasuka. Lia tu! Tangu lini sokomutu ni pasa?"

"Walinyonya chupa moja, Priscille. Nimezika mumoja. Wa pili sina nguvu ya kumuzika."

Saa nne gari likafika. Watson wa kituo cha sokwe yatima akashuka na daktari, wakachuchumaa mlangoni. Daktari akazitazama mbavu za Mpundu, akatikisa kichwa.

"Tumupeleke leo, Mama," Watson akasema. "Kule wako wengi, nao walipoteza wao. Watamukumbatia. Atakula."

"Na mimi nabaki na nani?"

Watson akaenda kufungua mlango wa gari.

Mama Florentine alikuwa amechoka hata kubisha. Akamwinua Mpundu, akamnong'oneza sikioni: "Enda, baba. Ndugu yako akirudi, nitamutuma kule."

Vidole virefu vyenye manyoya vikang'ang'ania shingo yake. Akavibandua kimoja kimoja.

Gari likazama kwenye vumbi. Akasubiri mpaka mngurumo wake ulipokatika kabisa. Ndipo akaingia kwenye mihogo, akapiga magoti penye kaburi fupi la mjukuu wake, akalia.