Ujumbe wa Kijani

Ujumbe ulichomoza kwenye kona ya kioo cha kompyuta, ukingo wake wa kijani. Baba alipapasa miwani mfukoni. Alipoipata, ujumbe ulikuwa umetoweka.

"Umesemaje?"

"Kifua kimefunguliwa," binti yake alisema. "Chumba cha pili cha upasuaji."

Muuguzi ndiye aliyewageuzia kompyuta yake katika kile chumba kidogo cha kusubiria. "Kwa kawaida haturuhusu," aliwaambia. "Ila mfumo huu ni wa Fundi, na nyinyi ni watu wa Fundi. Jina la mgonjwa tu ndilo hamtaliona."

Fundi ni jina alilopewa mtoto wao wa kiume nyumbani, tangu alipofungua redio akiwa mdogo na kuifunga tena huku vipande vingine vikibaki mkononi. Alipouandikia mfumo wa hospitali sehemu ya jumbe, alimfanyia mama yake majaribio sebuleni.

"Umeuona, mama?"

"Nimeuona."

"Ulisemaje?"

"We mtoto, umepita kama mwizi, nitajuaje ulisemaje?"

Akacheka, akaongeza sekunde. Akaongeza tena, mpaka mama, anayesoma silabi kwa silabi, akafika mwisho wa sentensi. Kazini walimtania kwamba jumbe zake zinatembea na mkongojo. Hakupunguza sekunde. Za kijani zilitoweka zenyewe. Nyekundu alizikatalia kutoweka: zikae hapo hadi daktari aliye ndani azifunge. "Mtu asije akasema hakuuona," alimwambia dada yake.

Sasa mama alikuwa amepakata shati jeupe alilolipiga pasi asubuhi. Alikuwa akiikunja kola na kuikunjua.

"Mama, utalikunjamanisha."

"Niache."

Upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamke ilikuwa ikirudia jina moja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Simu ya baba ilitetemeka. Alikuwa mjomba.

"Shemeji, watu wanauliza. Tuwaambieje?"

"Wasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka moyo upige," baba alisema, akakata.

Mwanga wa dirisha ulihama kutoka sakafuni ukapanda ukutani. Hakuna aliyekwenda kunywa maji, maana nani angejua ujumbe ungekuja saa ngapi. Mwingine ukachomoza, wa kijani: Moyo umeshapandikizwa. Damu inarudishwa moyoni.

Halafu mwekundu.

Moyo haujaanza kupiga.

Haukutoweka. Baba aliutazama, akatazama dari, akarudi akaukuta palepale. Sauti ya upande wa pili sasa ilikuwa ikilitaja jina lile harakaharaka.

"Ufunge basi," alimwambia binti. "Unanitazama."

Binti alinyoosha kidole. Mama alimshika kiganja.

"Usiguse. Mwenyewe alikataa."

Wakakaa nao. Muuguzi alisimama mlangoni, mkono mdomoni, akasahau kwamba kuna simu inayolia mezani kwake. Mama aliacha kuikunja kola. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, macho yamekwama kwenye ile kona.

Ujumbe mwekundu ukafungwa. Kioo kikabaki kitupu, na huo utupu ulikuwa mbaya zaidi.

Kisha ukachomoza wa kijani. Binti alifungua mdomo asome, lakini mama alimzuia kwa mkono. Alikisogelea kioo, kidole chake kikifuata silabi.

"Mo-yo... u-na-pi-ga... we-nye-we."

Alifika mwisho, akavuta pumzi, ndipo ujumbe ukatoweka.

Baba alivua miwani. Alimpigia mjomba.

"Shemeji," alisema, "waanze kuchimba kaburi."

Mama alimkabidhi muuguzi lile shati. "Mvisheni Fundi wangu hili. Na huyo mama aliye nyuma ya ukuta, mwambieni moyo aliopewa mtoto wake haujawahi kuumwa hata siku moja."