Matundu Mawili Juu ya Maji

Kila aliyeingia kinamasini kuhesabu wanyama aliijua sheria: atakayepaza sauti na kumtimua mnyama, ataosha viatu vya kikosi kizima.

Aliyeitunga ni mkuu wa kikosi, na kwa miaka ishirini hakuwahi kuosha hata kiatu kimoja. Leo alikuwa akimpima mkamwana wake. Binti huyo asipomwona nzohe, swala yule ajifichaye majini, angerudi ofisini kupanga mafaili.

"Macho yako ni ya kusomea tu, mwanangu," mkuu, mama mkwe wake, alimwambia walipopanda mtumbwi na mpiga kasia.

Walisubiri kwa muda wa saa tatu. Ndipo mkamwana alipoyaona, kati ya majani ya yungiyungi: matundu mawili meusi, yenye unyevu, madogo kama vifungo vya shati. Yalitanuka, yakasinyaa. Yalikuwa yakipumua.

Alimgusa mama mkwe kiwikoni, akaelekeza kwa kidevu.

Mama mkwe akatazama, asione kitu. Akatazama tena.

"Ndiye! Ndiye huyo! Mke wa mwanangu kamwona!"

Maji yakapasuka, nzohe akatokomea matetini.

Mpiga kasia alicheka hadi mtumbwi ukayumba. "Mkuu, na viatu vyetu je?"

"Vilete vyote. Lakini vya mkamwana wangu kwanza."

Kituoni mkuu alipiga magoti kando ya ndoo, mbele ya watu wote, akasugua matope kwa brashi. Kila aliyepita alielezwa, bila kuuliza, viatu vile ni vya nani.